Suruali ya zipu magotini: siku nne hemani, kaptura mara mbili tu

Suruali hii niliinunua kwa tamaa, na wala si tamaa ya urembo. Nilitamani nafasi kwenye begi. Ina zipu kuzunguka kila goti: ukifungua unabaki na kaptura, ukifunga imerudi kuwa suruali. Nguo mbili kwa uzito wa moja, nani asingenunua? Wifi yangu alipoiona kitandani akaangua kicheko. "Wifi, hii si ndiyo ya wale wazee wanaotembea na darubini shingoni?" Nikanyamaza, nikaikunja, nikaitia begini.

Safari ilikuwa ya siku nne kando ya ziwa. Kulala hemani, asubuhi kupanda vilima, jioni kukaa na watu na kupiga soga. Na mimi sipendi kuonekana kama nimeokotwa porini, hata nikiwa porini kweli.

Kitambaa kwanza, maana pesa imekwenda huko. Kwa sehemu kubwa ni nailoni, ikiongezewa spandeksi kidogo ya kuvutika. Ukiinua suruali kwenye mwanga unaona miraba midogo midogo, kwa sababu kila baada ya milimita chache umepitishwa uzi mnene kuliko wenzake. Mwiba ukitoboa, mpasuko unakwenda mpaka kwenye uzi ule mnene na kukwama hapo. Hili nimelithibitisha bila kupenda. Siku ya pili nilijibana kupita kando ya kichaka, nikasikia "chrr" pajani. Niliporudi nyumbani nikakuta kitundu cha ukubwa wa kichwa cha kiberiti. Nimeshaifua mara tano tangu hapo na kitundu ni kilekile.

Siku ya tatu tulivuka kijito, maji yakatufika magotini. Mwenzetu mmoja alikuwa na jinzi. Yangu ilinikaukia mwilini tukiwa bado tunapumzika ng'ambo. Yake aliivua usiku ikiwa bado mbichi, akaitandaza juu ya hema, asubuhi akaikuta na umande juu yake. Pamba inakunywa maji na kuyang'ang'ania, nailoni inakunywa kidogo sana. Ndiyo maana siku hizi jinzi naiacha nyumbani, ingawa nakiri hakuna suruali inayonikaa vizuri kama jinzi.

Sasa hizo zipu.

Aliyeitengeneza alifikiria kitu: utepe wa zipu ya mguu wa kushoto ni mwekundu, wa kulia ni wa kijani, ili usichanganye. Mchana ni sawa. Usiku hemani, tochi imekwisha betri, zote mbili ni nyeusi. Niliunganisha mguu wa kushoto upande wa kulia, zipu ikakubali vizuri kabisa, nikatoka nje pindo limejipinda kama kamba, nikashangaa kwa nini natembea upandeupande. Halafu mchanga. Siku moja tu ufukweni na meno ya zipu yakaanza kukwama. Nilisugua nta ya mshumaa juu yake, ikateleza tena, lakini wangapi wanasafiri na mshumaa? Na ukipiga magoti kupigilia vigingi vya hema, mshono ule wa zipu unakuuma juu kidogo ya pia ya goti. Nimerudi na alama.

Kibaya zaidi ni kwamba miguu ya suruali ni myembamba chini na haina zipu ya pembeni, kwa hiyo vipande haviwezi kupita juu ya viatu. Unakaa chini, unalegeza kamba, unavua buti, unavua vipande, unavaa buti tena, wenzako wamesimama wanakungoja. Sifa yote ya kubadilisha nguo mbiombio ikaishia hapo. Na kaptura yenyewe ikishabaki peke yake inaonekana kama suruali iliyokatwa, si kama kaptura. Pindo linasimama gumu mbali na paja, meno ya zipu yanachungulia. Niliivaa mara mbili. Mara ya kwanza jua lilinibabua vigimbi vya miguu, mara ya pili mbu. Lebo ya suruali imeandikwa UPF 50, maana yake kati ya sehemu 50 za miale ya urujuanimno inapenya moja tu, lakini kinga hiyo ni ya mahali penye kitambaa, si pale ulipokifungua mwenyewe!

Kwa umbo lakini siilaumu. Kati ya mapaja wameshonea kipande chenye umbo la almasi, hivyo unaweza kuruka jiwe bila kusikia mshono ukilia. Mifuko ni ya kweli, mkono unaingia mpaka kifundo, jambo ambalo washonaji wa suruali za wanawake hulikwepa. Rangi ni ya majani makavu: vumbi halionekani, na inapatana na kila nilichobeba. Jioni nilivaa juu yake shati jeupe la kitani (kitani kikijikunja watu wanadhani umekusudia), na begani sweta jembamba la sufu, na hakuna aliyejua ni suruali ileile niliyotambalia kilimani. Yaani hakuna aliyeuliza.

Ukiinunua, usiifue kwa kilainishi cha nguo. Kinaacha utando kwenye nyuzi, na matone ya maji yanayopaswa kuviringika na kudondoka yanaanza kupenya na kulowesha kitambaa. Pasi iwe ya moto mdogo. Saizi chukua yako ya kawaida, kiunoni kuna mpira.

Naipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Safari ijayo natafuta kitambaa hikihiki kisicho na zipu, na kaptura nyepesi kando. Kaptura ikikunjwa vizuri inaingia ndani ya kiatu.

Wifi naye, yule wa kicheko, anasafiri mwezi ujao na ameiomba. Nimempa. Nimemwambia airudishe na miguu yote miwili.