Nusu kilo ya viungo kwa nyumba nne: uzoefu wangu na duka la kusagia la Eastleigh

Alhamisi jioni, kuanzia saa kumi na mbili hivi, ngazi za ploti yetu hapa Umoja, Nairobi, hunukia kitunguu kinachokaangwa. Tuko nyumba nne. Kila mmoja anapika chakula chake cha kawaida cha usiku, anaongeza kipimo kidogo, kisha anapakua bakuli tatu na kuwapelekea wenzake. Ni ndengu, maharagwe, sukuma, matumbo, na mwisho wa mwezi pengine pilau. Tulianza baada ya kugundua kwamba wote wanne tulikuwa tukihangaika na sufuria ndogo ndogo, kila mtu kivyake, na bado tunamwaga kiporo. Siku hizi usiku wa Alhamisi mezani kwangu kuna vyakula vinne, na gesi nimewasha mara moja.

Kilichokibadilisha chakula hicho ni duka moja dogo la viungo kule Eastleigh, kwenye vijia vya karibu na Jam Street. Wanauza viungo vizima, wanakukaangia, na wanakusagia ukiwa umesimama hapo hapo. Nimelitumia kwa miezi minane, safari nne, na kila safari nimetoka na nusu kilo.

Hiyo nusu kilo ndiyo iliyonisumbua mwanzoni. Mashine yao haisagi chini ya hapo. Ukiwapelekea gramu 100, nyingi zitanata kwenye kuta za mashine na wewe utaondoka na vumbi. Nami naishi na binti yangu tu. Nusu kilo ya masala ya pilau kwa watu wawili ni ya mwaka mzima, na kiungo kikishasagwa hakingoji mwaka. Harufu ya iliki na karafuu ni mafuta yaliyomo ndani ya punje. Ikiwa nzima yanatulia humo, ukiisaga yanaanza kuruka siku ile ile. Baada ya miezi michache unabaki na unga wa kahawia unaonuka kabati. Basi ama niache, ama nigawane. Niliwaambia wenzangu wa Alhamisi, na wakakubali kabla sijamaliza kueleza.

Kipimo tulipangiwa na jirani wa ghorofa ya juu, mzaliwa wa Mombasa, ambaye kwao pilau haikosi kwenye shughuli yoyote. Bizari nyembamba, ambayo maduka ya Ngara huiita jira, gramu 250. Pilipili manga 100. Mdalasini 60, iliki 60, karafuu 30. Mimi nilitaka karafuu ifike 50 kwa sababu naipenda, akanikatalia: "Karafuu ikizidi ulimi unakufa ganzi, dada, na hapo iliki umeitupa bure." Nilimsikiliza. Mafuta hayo hayo ya karafuu ndiyo watu hupaka kwenye jino linalouma, kwa hiyo alijua anachosema.

Safari ya mwisho nililipa hivi: bizari nyembamba shilingi 250, pilipili manga 180, mdalasini 90, iliki 350, karafuu 80, na kukaanga pamoja na kusaga 100. Jumla 1,050. Kila nyumba hunitumia 270 kwa M-Pesa, na zile 30 zinazobaki zinaongezwa kwenye nauli, maana natoka Umoja hadi mjini, halafu napanda matatu nambari 9. Iliki ndiyo inayopanda na kushuka bei. Safari ya pili iligusa 420 kwa kipimo kile kile, na mama mwenye duka alinionyesha mapema, kabla ya kupima, ili niamue. Nilipenda hilo.

Huyo mama ana namna yake ya kufanya kazi ambayo ningeweza kusimama nikaitazama mchana kutwa. Kwanza anamwaga viungo kwenye ungo na kupepeta, anatoa vijiti na vijiwe. Kisha kikaango kikubwa cha chuma juu ya jiko la makaa, bila tone la mafuta. Mdalasini unaovunjwavunjwa unatangulia pamoja na pilipili manga, kwa kuwa ni vigumu. Iliki na karafuu zinafuata. Bizari nyembamba inaingia mwisho kabisa, na hapo mkono wake haupumziki hata kidogo, kwa sababu punje zile ni ndogo na zikiungua kidogo tu masala yote yanakuwa machungu. Anasubiri zianze kutatarika na kubadilika rangi kidogo, kisha anainua kikaango chote na kumwaga juu ya sinia pana. Mara ya kwanza nilimwambia, "Mama, sasa saga." Akanijibu, "Zipoe kwanza, mwanangu. Ukisaga moto unatoa jasho ndani ya chupa." Tulisubiri kama robo saa. Nilipofungua chupa nyumbani wiki mbili baadaye unga ulikuwa bado unamwagika kama mchanga mkavu.

Anakuruhusu pia uchague mwenyewe. Jirani yangu alinifundisha kuibana karafuu kwa ukucha: nzuri hutoa mafuta, kuukuu ni kavu kama kijiti cha kiberiti. Au itie kwenye glasi ya maji. Nzuri huzama au husimama wima kichwa kikiwa juu, iliyochoka huelea imelala. Iliki nipasue moja nione mbegu: nyeusi na zinanata, naichukua. Zikiwa kavu zimekunjamana, narudisha. Nimeyafanya haya mbele ya mama yule na hajawahi kununa.

Nasema hivyo kwa sababu kabla yake nilijaribu mahali pengine, mjini, ambako unga wa pilau ulikuwa umeachwa wazi kwenye karai kando ya barabara. Bei ilikuwa nusu. Nilipika nao mara mbili. Chakula kilipata rangi, harufu hakuna, na chini ya sufuria kulibaki ute mzito kama uji, kana kwamba nimetia unga wa mahindi. Tangu siku hiyo sinunui kiungo ambacho sikukiona kikiwa kizima.

Kwa upande mwingine, nimelelewa kwa mchuzi wa pakiti na siwezi kuutukana. Ila soma nyuma ya pakiti. Viambato huandikwa kwa mpangilio wa uzito, kilicho kingi kinatangulia, na kwenye pakiti nyingi za mchuzi utakuta chumvi au wanga mwanzoni, huku bizari ikija huko chini. Mimi sikuwahi kufikiria hilo hadi nilipopika ndengu za kwanza kwa masala ya Eastleigh. Nilitia kijiko nilichozoea, nikapakua, nikapeleka bakuli tatu. Chakula kilikuwa chapwa kabisa. Kinanukia hadi ngazini lakini mdomoni hakina kitu. Miaka yote mkono wangu ulikuwa umezoea chumvi ya pakiti, na masala haya hayana hata chembe ya chumvi. Wenzangu waliniambia ukweli usiku ule ule. Kwa hiyo ukihamia viungo vya kusagiwa, jifunze upya chumvi yako, na punguza masala: kwa vikombe viwili vya ndengu natia nusu kijiko cha chai.

Namna ya kuyatia ni muhimu kuliko kiasi. Ndengu zangu nazichemsha peke yake hadi zianze kupasuka. Kando, kitunguu kwenye mafuta mpaka kiwe kahawia, kitunguu saumu na tangawizi, halafu naweka nusu kijiko cha masala pamoja na kijiko kimoja cha maji ili yasiungue. Nahesabu pumzi kumi hivi. Hapo ndipo harufu inafunguka na mlango wa jirani unasikika ukifunguliwa. Ndipo nyanya, kisha ndengu na mchuzi wake. Ukinyunyizia masala juu ya sufuria inayochemka tayari, unapata uchungu wa unga mbichi na umepoteza shilingi zako.

Kwenye pilau ndiyo yanang'aa, lakini hapo pia nilikuwa na kosa la Nairobi la kutafuta rangi kwenye masala. Rangi ya pilau hutoka kwenye kitunguu. Jirani wa juu alisimama jikoni kwangu na kunizuia nisitie nyama mpaka kitunguu kimekuwa cheusi-cheusi kama maganda ya ukwaju. Sasa natumia kijiko kimoja kikubwa cha masala kwa kilo moja ya nyama na mchele wa pishori wa Mwea, ambao una harufu yake na hautaki kufunikwa.

Kuna vyakula ambavyo masala haya hayafai, na hili nalisema kwa uzito. Jirani wa mkabala wangu anatoka Kisumu. Nilimpelekea samaki wa kupaka masala haya, akanirudishia neno moja kwa upole: samaki anataka nyanya, kitunguu, chumvi na kuachwa. Nilipopika tena kwa njia yake nilimwelewa. Mdalasini unamfanya samaki awe na utamu usio wake. Kwenye omena ni hivyo hivyo. Kwenye mukimo usijaribu. Kwenye sukuma natia chembe tu, tena siku ambayo nimeipika na nyama ya kusaga. Maharagwe ya nazi, naam, robo kijiko, na matumbo yanayapokea vizuri mno kwa sababu pilipili manga inaua ile harufu nzito. Kwa chai tumeacha. Bizari nyembamba ndani ya chai haikubaliki kwetu, kwa hiyo safari ya tatu tuliomba tangawizi kavu, iliki na mdalasini visagwe peke yake. Mama alikubali, ila kwa sharti lile lile la nusu kilo, na chai hiyo tutainywa mpaka tuzeeke.

Kasoro zipo. Kubwa kwangu ilikuwa safari ya pili. Aliyenitangulia alikuwa amesaga pilipili kavu, mashine haikusafishwa, na masala yangu yakaja na moto ambao hatukuomba. Binti yangu, ambaye ana miaka sita, alilia mezani, na katika nyumba nyingine mzee mwenye vidonda vya tumbo alishindwa kula. Nilirudi Jumamosi iliyofuata na kumweleza mama. Hakubisha. Alionja kwa ncha ya kidole, akanipa robo kilo nyingine bila malipo, na akanifundisha kuomba jambo ambalo naliomba kila mara sasa: wapitishe konzi ya mchele mkavu kwenye mashine kwanza, unga wake umwagwe, ndipo viungo vyangu viingie. Yule mzee tulimtengea chupa ya robo hiyo mpya. Lakini ningependa wafanye hivyo bila mteja kuomba.

La pili, hawaandiki chochote kwenye mfuko, wala tarehe wala kilichomo. La tatu ni stima. Safari moja ilipotea nikiwa pale na nikasubiri karibu saa mbili, viungo vimeshakaangwa haviwezi kurudi nyumbani. Na Jumamosi adhuhuri msongamano ni mkubwa, nenda asubuhi.

Nikifika nyumbani nagawa usiku huo huo kwa mizani ndogo ya jikoni. Hutoka kama gramu 115 kila nyumba, maana kidogo kinapotelea mashineni na kwenye kupepeta. Tunatumia chupa za jemu zilizooshwa na kuanikwa juani, na kila chupa nabandika plasta yenye tarehe. Tulikubaliana mambo mawili tu: chupa isikae juu ya jiko kwenye mvuke, na kijiko chenye maji kisiingie ndani. Nyumba moja ililisahau la pili na masala yakashikana mabonge ndani ya wiki. Wengine watatu tuliwamegea vijiko vichache vya kufikisha mwisho wa mwezi. Kwa mwendo wetu chupa humalizika ndani ya wiki saba au nane, bado ikinukia, na hapo mtu wa kwanza kufika chini hugonga mlango wangu na kuuliza naenda lini.

Ukiishi peke yako na huna wa kugawana naye, nunua viungo vizima kidogo kidogo na utwange kwa kinu. Duka hili halitakufaa. Ukiwa na majirani wawili watatu wanaopika, litakufaa sana. Mimi nimeshalizoea na sioni nikirudi nyuma.

Mwezi uliopita jirani wa Kisumu alihamia Kitengela. Tulidhani ametoka kwenye hesabu, lakini siku niliyosaga alishatuma 270 zake. Chupa yake niliifunga kwenye gazeti, nikampa kondakta wa matatu ya Kitengela pale mjini na namba ya kumpigia. Kwetu chombo hakirudi kitupu. Jumapili iliyofuata kondakta yule yule alinipigia simu: chupa yake ya safari iliyotangulia imerudi, imeoshwa, na ndani yake kuna omena waliokaushwa, wachache, wametiwa chumvi tu.