Kliniki ya mishipa ya damu: daktari nyota tano, mapokezi nyota mbili

Mimi muuza kahawa, dele mkono huu, vikombe mkono wa pili. Tangu mfungo wa Ramadhani, nikitoka Makadara, kabla sijafika Marikiti kigimbi cha kulia kinakaza kama kimefungwa kamba. Nikisimama dakika mbili tatu kinaachia. Nikadhani uzee. Mwanangu akanipeleka kwa nguvu kliniki moja hapa mjini. Jina silitaji, kwa sababu ya mapokezi yao: tulifika saa mbili asubuhi, tukaingia saa sita kasorobo, na nilipouliza nikaambiwa, "Mzee, kaa."

Lakini daktari! Binti wa rika la kitinda mimba wangu, akaanza na shikamoo. Akanipima presha mkononi, kisha kwenye kifundo cha mguu, akagawanya ya mguu kwa ya mkono: 0.78. Ikiwa 0.9 kushuka chini, njia ya damu imekuwa nyembamba pahali.

Nikamwambia mafuta sili sana (uongo, viazi karai nala). Akacheka, akauliza wateja wangu wanajuaje nimefika. Nikamgonganishia vidole kama vikombe. Akasema na seli za mshipa ni hivyo hivyo, zinaitana. Zile za utando wa ndani, zikiwa nzima, hutoa gesi ya nitriki oksidi inayoiambia misuli ya mshipa ilegee, damu ipite. Sigara huipunguza gesi hiyo. Kolesteroli mbaya ikijipenyeza ukutani, wito hubadilika: zinatoa kemikali za kuita seli nyeupe za damu, na kuchomoza kama kulabu za kuzinasa zikipita. Zikishaingia, zinakula mafuta mpaka zinavimbiwa, kutoka haziwezi, nazo zinaita wenzao. Baraza halivunjiki, ukuta unanenepa.

Miaka 35 navuta sigara, wote waliniambia "acha" tu. Huyu ndiye wa kwanza kunieleza inaharibu nini.

Nimepewa aspirini, kidonge cha kushusha kolesteroli kila usiku, na amri ya ajabu: tembea mpaka maumivu yashike, pumzika, tembea tena. Kumbe kazi yangu ndiyo dawa. Sigara imebaki moja, ya baada ya alasiri, na daktari anajua.

Karatasi ya majibu ni Kiingereza kitupu, nilisomewa na kijana wa duka la dawa. Mkienda, chukueni namba kabla ya saa moja na mbebe kinywaji chenu. Kahawa ya pale chini, wallahi, ni maji ya kuoshea vikombe.