Uchambuzi wa Automation: sheria za haki kwa shindano la gari la kifahari la 1957

Haya watazamaji wangu, karibuni tena. Leo tunaichambua Automation, lile gemu la kubuni magari la Camshaft Software, na nitalitazama kwa swali moja tu: ukitaka kuandaa shindano la magari ya kifahari ya zamani, yaani kila mshiriki anabuni gari lake ndani ya gemu na jaji analipa alama, linafaa? Linafaa sana. Ila ulinzi wa haki usiutegemee kutoka kwenye gemu. Huo utauweka wewe mwandaaji, na kabla mtu wa kwanza hajaanza kuchora bodi.

Tuchukue mwaka 1957, soko la Marekani. Mwaka huo Cadillac walitoa Eldorado Brougham kwa dola 13,074, zaidi ya mara mbili ya Cadillac ya kawaida. Paa la chuma kisichoshika kutu, springi za upepo magurudumu yote manne, na ndani ya dashibodi kuna vikombe vya sumaku visivyoanguka gari likitembea. Kwa miaka miwili yalitengenezwa 704 tu. Gari tamu! Lakini zile springi za upepo zilisumbua, na wenye magari wengi wakazing'oa wakafunga springi za kawaida.

Kwa nini nawasimulia hayo? Angalieni hapa kwenye skrini. Karibu kila sehemu ya gari, kuanzia injini hadi viti, ina kitelezi cha ubora kinachotoka −15 hadi +15. Ukipandisha, gari linapendeza na gharama nayo inapanda. Sasa mwandaaji asipoweka kikomo cha bei, mshiriki mzoefu anasukuma vitelezi vyote juu, anapata starehe na heshima ambayo hakuna kiwanda cha 1957 kingeweza kuilipia, na yule aliyebuni gari kwa akili anashika mkia. Hilo linaniuma, kwa sababu huyo wa pili ndiye aliyelielewa zoezi.

Kwa hiyo sheria ya kwanza, na kwangu ndiyo mama wa zote: kikomo cha bei. Usikibuni kichwani. Tengeneza gari lako la mfano, la heshima lakini bila kusukuma chochote kupita kiasi, soma gharama yake kwenye gemu, kisha weka kikomo juu kidogo ya hapo. Halafu ongeza kwamba ubora wowote usizidi +5. Mtu akitaka springi za upepo, ruksa, lakini uimara uwe na alama za kutosha ili azilipie kama wenye Brougham walivyozilipia.

Alama mimi ningezigawa hivi: starehe 30, heshima 20, uimara 15, sura 15, urahisi wa kuendesha 10, gharama za matunzo 10. Kasi sijaipa kitu. Tajiri wa 1957 alitaka ukimya na ulaini, na ukiipa kasi alama hata 10 utaletewa magari ya mbio yenye viti vya ngozi. Mgawanyo huu utangazwe siku ya kwanza. Ukiuficha, wanaokufahamu wataotea unachopenda, na wageni watabaki gizani.

Vifaa navyo. Matairi yawe ya nyuzi za mshazari, yaani nyuzi zake za ndani zinapishana kimshazari, yasiwe radiali, ambayo nyuzi zake zinakatiza moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Michelin walikuwa na radiali tangu miaka ya 1940, sikatai, lakini magari ya kifahari ya Marekani yalikuwa yanatoka kiwandani na ya mshazari. Breki za diski? Ningeruhusu, maana Citroën DS ilikuwa nazo tangu 1955. Hapo watu watabishana, na ni sawa. Muhimu ni kwamba jibu limeandikwa, na ni moja kwa wote.

Sasa udhaifu wa gemu. Injini na bodi zinafuata miaka, lakini mapambo hayafuati. Taa, shoo ya mbele, vitasa, vyote unaweza kubandika vya kisasa. Hapa nimelipachika gari la 1957 taa za LED na gemu halikusema kitu. Basi andika wazi: taa za duara, kromu ruksa, LED marufuku. Na bodi za kupakua za wachezaji wengine zitajwe moja moja, kwa sababu asiyekuwa nayo kwenye kompyuta yake hawezi kulifungua gari la mwenzake.

Jambo la mwisho ni picha, na hili waandaaji wengi hawalifikirii. Mwenye kompyuta kali atakuletea picha zinazong'aa kama tangazo. Mwenye mashine dhaifu atakuletea kitu chenye ukungu, hata kama gari lake ndilo zuri zaidi. Wote watume faili la gari tu. Wewe jaji ulifungue, upige picha zako mwenyewe, mandhari ileile, pembe zilezile, mwanga uleule, ndipo utoe alama za sura. Na ukilazimika kubadilisha kipengele chochote katikati, hata kile cha matairi, waruhusu wote waliokwisha kutuma warekebishe na kutuma upya.