Valvu ya blofu kwa Subaru: psss nyingi, nguvu hakuna

Swali ni kama kununua valvu ya blofu (blow-off, ile ya kutoa hewa ya turbo ukiachilia mafuta) kunaongeza nguvu, na jibu naliweka hapa juu kabisa ndio mtu asiharakishe kwenda kumwaga pesa Kirinyaga Road: kama valvu iliyokuja na gari yako kutoka kiwandani bado inashika hewa, hii ya kununua haikuongezei hata nguvu ya farasi mmoja. Utapata sauti. Na kwa hizi Subaru zetu za Nairobi, hio sauti utailipia petrol station.

Forester yangu ni SG5, ile ya lita mbili turbo, na niliinunua ikiwa mwenyewe wa kwanza ashafunga valvu ya kumwaga hewa nje, nyekundu, imeandikwa jina kubwa la Japani lakini ukiishika tu unajua ni kopi juu ukingo wa chuma haujasuguliwa, unaweza kukukata kidole. Baadaye nikaitoa nikaweka ya kiwandani ya eksi-Japani (iliyotumika huko Japani), na saa hii iko na nyingine ya pistoni inayorudisha hewa ndani. Kwa hivyo naongea nikiwa nimeziendesha zote kwa gari moja, Southern Bypass kukiwa wazi na Ngong Road kukiwa kumefungwa na jam.

Kazi yake ni hivi. Turbo inasukuma hewa, wewe unatoa mguu kwa mafuta ubadilishe gia, mlango wa hewa kwa injini unafunga ghafla, sasa ile hewa iliyokuwa inakuja mbio inakosa pa kwenda inarudi nyuma kugonga panga za turbo. Hapo ndio husikika ile tutututu. Valvu inavutwa na vakyumu (ule mvuto) ya manifoldi, yaani paipu za kuingiza hewa kwa injini, inafunguka, hewa inatoka, turbo inaendelea kuzunguka bila kupigwa breki. Hayo tu. Na angalia venye yote yanafanyika ukiwa umeachilia mafuta. Ukikanyaga, valvu yoyote nzima imejifunga kabisa, sasa kitu kimefungwa wakati injini ndio inatafuta nguvu kitaleta nguvu kutoka wapi?

Shida kubwa ya hizi za kumwaga nje ni sensa. Subaru ya injini ya EJ20 inapima hewa kwa sensa ya MAF, hapo tu baada ya boksi ya filta, kabla hewa haijafika kwa turbo. Kompyuta ishaihesabu hio hewa na ishaipangia mafuta yake. Ya kiwandani inairudisha kwa paipu katikati ya sensa na turbo, hesabu inabaki sawa, lakini hii nyingine inaitupa nje na kompyuta haijui, bado inamwaga mafuta ya hewa ambayo haipo. Ndio unaona masizi meusi kwa silensa, plagi zinatoka nyeusi, gari inanuka petroli ukisimama, na ukiendelea hivyo muda mrefu katalitiki (ile ya kusafisha moshi) nayo inaenda. Kwa jam ndio mbaya zaidi. Unakaribia foleni pale Prestige, unaachilia mafuta, psss, mshale wa rev unaanguka kupita mahali pake, gari inatetemeka mwili mzima na siku zingine inazima kabisa na matatu iko nyuma inakupigia honi kama umeiba kitu. Kuna duka nilienda kuuliza hii maneno, jamaa akaniambia mkubwa, hio ni kawaida ya gari ya nguvu, utazoea. Hapana, sio kawaida na hakuna cha kuzoea, niliporudisha ya kiwandani ilitulia siku hio hio.

Halafu kuna springi. Kopi nyingi zinakuja na springi laini, na injini ikiwa inanguruma tu umesimama, vakyumu ni nyingi, inaifungua valvu kidogo na badala ya kutoa hewa inaanza kuvuta. Inavuta ya nje, haijapita kwa filta. Kama unaishi upande wa Kamulu ama ndani ndani ya Rongai ambako lami iliishia kwa ahadi, hilo ni vumbi moja kwa moja kwa injini! Ukikaza springi sana nayo inachelewa kufunguka, tutututu inarudi, na wengine wanafurahia hio sauti wakidhani turbo inaimba kumbe inachapwa.

Sio gari zote lakini. Toyota Mark II na Chaser za injini ya 1JZ turbo hazina hio sensa ya hewa, zinasoma presha ya manifoldi, kwa hivyo ukimwaga nje kompyuta haichanganyikiwi. Hao wenye wanataka sauti wafunge, nguvu bado haiongezeki lakini angalau hawaharibu kitu. Skyline ya RB25 na Silvia ya SR20 ziko upande wetu wa Subaru, zinapima hewa. Na mwenye Prado ama Hilux ya dizeli asidanganywe kabisa, dizeli nyingi haziendeshwi kwa kufunga mlango wa hewa, sasa hio presha ya kumwaga itatoka wapi.

Mahali naona pesa ina maana ni Golf GTI Mk5. Ile valvu yake inafunguliwa kwa umeme, na zile za mwanzo zilikuwa na diaframu (kiwambo laini cha ndani) inayopasuka, gari inapoteza presha na inakuwa nzito kama imebeba saruji, mpaka VW wenyewe wakaleta ya pistoni. Hapo kuweka nyingine imara ni ukarabati, na utasikia tofauti kwa sababu unarudishiwa nguvu ulikuwa umepoteza. Hapa Nairobi tuko juu ya mita 1,600, hewa ni nyepesi, turbo tayari inafanya kazi ya ziada kufikia presha yake, kwa hivyo kuvuja kidogo kunaonekana.

Hii yangu ya pistoni niliiweka kwa sababu diaframu ya ile ya eksi-Japani ilikuja kuchoka. Gari imekuwa kali? Siwezi sema hivyo. Inashika presha vizuri, jam imetulia, sauti ni kapumzi kadogo ndani ya boneti. Pistoni inataka kufunguliwa mara kwa mara ipanguswe na ipakwe grisi kidogo, vumbi ikiingia inakwama ikiwa wazi na hapo utalia. Naipa nne kwa tano. Ile nyekundu naipa moja, na hio moja ni ya rangi.

Kabla ununue yoyote, mwambie fundi atoe ya kwako, avute kale kapaipu kadogo ka vakyumu kwa pampu ya mkono. Ikifunguka na ikae hivyo bila kurudi, diaframu ni nzima. Akiachilia ifunge, kisha apulize pale hewa ya turbo inaingilia, isipite. Ikipita hio mitihani yote miwili, ifungwe tena na gasketi mpya, akaze klipu za paipu, na pesa ya valvu uiweke kwa oili nzuri na plagi.