Sensa ya Kina ya Kufunga Tezini: Kagua Breketi Kabla ya Kukagua Kioo

Mwaka jana nilinunua sensa ya kina, kile kifaa kinachofungwa tezini (nyuma ya mashua) na kupima kina cha maji kwa mawimbi ya sauti, katika duka moja la katikati ya jiji la Nairobi, nikaipeleka Naivasha ambako mashua yangu ya faiba hulala, na katika safari ya tatu tu ikang'oka. Tulikuwa tukipita polepole kando ya migunga iliyozama ziwa lilipofurika mwaka 2020, kisiki kikaipiga sensa kutoka mbele, na kwa kuwa breketi yake, kile kishikio kinachoifunga mashuani, haikuwa na namna yoyote ya kuachia, kishindo chote kiliishia kwenye skrubu mbili zilizoishikilia. Moja ilitoka na kipande cha faiba kinacholingana na sarafu ya shilingi ishirini. Niliziba tundu kwa silikoni ya bafuni, nikaendelea kuvua samaki kwa miezi miwili, hadi fundi alipoitoa mashua majini na kuchokonoa mahali pale kwa bisibisi: mbao iliyo ndani ya faiba ilitoka nyeusi na imelowa, kama majani ya chai yaliyobaki kwenye kichujio. “Mama, sensa yenyewe ni nzima,” aliniambia. “Kilichokufa ni ubao wa tezi.”

Kwa sababu hiyo mwongozo huu hautazungumzia ukubwa wa kioo kinachoonyesha vipimo wala rangi zake. Hautazungumzia sana masafa ya mawimbi pia, kwani Ziwa Naivasha lina kina cha wastani cha takriban mita 6, na mawimbi ya kilohezi 200 yanatosha kabisa kwa maji ya namna hiyo. Muuzaji anayekusifia chombo kinachofika mamia ya mita anakuuzia bahari usiyokwenda. Nitashughulika na breketi, kile kipande cha plastiki ambacho wauzaji hukiacha chini kabisa ya boksi na wanunuzi hukiona kwa mara ya kwanza mashua ikiwa tayari imetobolewa.

Breketi nzuri hufanya kazi kama bawaba yenye kishikizo. Sensa inapogonga kisiki au kukwama kwenye magugu maji, huachia na kuinuka nyuma, kisha ukairudisha mahali pake kwa mkono. Fungua boksi pale pale kaunta, unganisha sensa na breketi, shika breketi kwa mkono mmoja na uisukume sensa kutoka mbele kwa kidole gumba cha mkono wa pili. Ikinyanyuka kwa mlio mfupi na kurudi bila spana, endelea na mazungumzo ya bei. Isiponyanyuka, ujue kwamba siku ya kugonga, kitakachoachia ni mashua yako. Angalia pia kama matundu ya skrubu ni marefu kwa kwenda juu na chini, kwa maana bila nafasi hiyo kila rekebisho dogo la urefu litahitaji tundu jipya.

Nafasi ya kwanza naipa Humminbird XNT 9 20 T, na sifichi kwamba naipendelea. Breketi yake imetengenezwa makusudi kuinuka inapogongwa, na sensa hutoa miale miwili, wa nyuzi 20 na wa nyuzi 60, jambo linalosaidia kwenye maji mafupi ambako mwale mwembamba huona eneo dogo mno. Inakufaa tu ikiwa kioo chako ni cha Humminbird na kinakubaliana nayo, kwa hiyo nenda dukani na namba ya modeli ya kioo.

Ya pili ni Airmar P66. Nayo ina breketi ya kuachia, hurekebishika kwa tezi zenye mwinamo wa nyuzi 2 hadi 20, na hupima kina, joto na mwendo. Tatizo langu ni kile kigurudumu cha kupimia mwendo, ambacho katika ziwa lenye magugu husokotwa na nyuzi za mizizi, ilhali mwendo GPS inaupata bila kugusa maji. Mwenye chombo baharini Kilifi aniwie radhi, huenda kwake ikawa ya kwanza.

Ya tatu ni Garmin GT20-TM, yenye picha safi, lakini inauzwa kwa plagi ya pini 4 au ya pini 8, na mtu asiyeuliza mapema atarudi nyumbani na waya usioingia popote. Vile vipimo vya bei nafuu vya kubandika kwa kinyonyi vinamfaa mwenye mtumbwi wa kasia, na sina zaidi ya kusema juu yake.

Wakati wa kufunga, chagua mahali ambapo maji hupita laini bila povu, mbali na mbavu za chini ya mashua na angalau sentimita 38 kutoka kwenye rafadha (propela), kwani viputo vya hewa huzuia sauti na namba hupotea kioo kikiwa kizima. Maelekezo ya Garmin hutaka sensa itokeze chini ya tezi kwa milimita 3 kwenye mashua ya faiba na milimita 10 kwenye ya alumini. Mimi sasa nimefunga kwanza kipande cha plastiki nzito, kile cha ubao wa kukatia mboga, kwa gundi ya kuziba inayokubali kukaa chini ya maji, kisha sensa ikafungwa juu yake, ili nikiihamisha nitoboe plastiki na si mashua.

Niliporudi katika duka lile kudai breketi ya kuachia, niliambiwa kwamba hiyo ni “ya ziada” na inaagizwa peke yake, kwa karibu nusu ya bei ya sensa niliyokwisha kulipia. Nilipouliza kwa nini boksi langu lilikuwa limefunguliwa kabla ya kuuziwa, kijana wa kaunta alimtazama mwenzake, kisha akanionyesha maandishi madogo chini ya risiti yanayosema bidhaa ikiuzwa hairudishwi.