Manukato ya harufu ya bahari kwa wanaume: ununue yapi hapa Mwanza?

Mwanamume anayetafuta manukato mepesi ya kuvaa katika joto la Mwanza huonyeshwa dukani chupa nyingi za buluu, zote zikisifiwa kwa harufu ya maji. Kipimo changu ni Acqua di Giò ya Giorgio Armani, iliyotoka mwaka 1996 kwa mkono wa Alberto Morillas, kwa kuwa ndiyo ambayo chupa nyingi za bei nafuu hujaribu kuifuata.

Ubichi ule wa maji hutokana kwa sehemu kubwa na kaloni, kemikali iliyogunduliwa katika maabara za Pfizer mwaka 1966, ambayo hunukia kama tikitimaji lililopasuliwa kando ya bahari. Kaloni si ngumu kuiga. Kazi iko katika kile kinachobaki ngozini baada yake.

Nililiona hilo siku niliyopulizia Acqua di Giò mkono wa kushoto na nakala ya bei ya chini mkono wa kulia, saa tatu asubuhi, kisha nikatembea kutoka Makoroboi hadi kivuko cha Kamanga. Kwa dakika 20 za kwanza sikuweza kuzitofautisha: zote zilikuwa na ndimu, zote baridi. Ilipofika saa sita, jua likiwa limekolea na shati limeloa jasho mgongoni, mkono wa kulia ulibaki na ukali wa sabuni ya kufulia, ilhali wa kushoto ulikuwa na yasmini laini iliyotulia juu ya mti mkavu. Ndiyo maana sishauri mtu anunue kwa kunusa kifuniko.

Kwa mwenye bajeti ndogo, nafasi ya kwanza naipa Cool Water ya Davidoff, kazi ya Pierre Bourdon ya mwaka 1988. Hiyo si nakala, maana iliitangulia Acqua di Giò kwa miaka minane; ina mnanaa, lavenda na tumbaku kwa mbali, na kwa kawaida huuzwa kwa bei ya chini sana kuliko ile ya Armani. Acqua di Giò yenyewe naiweka ya pili, kwa sababu ya bei tu, na anayeimudu achukue chupa ndogo ya harusi na ibada. Nautica Voyage ya mwaka 2006 ni ya tatu: ina tufaha bichi linalopendeza ofisini, ila ni nyepesi. Nakala nazipa nafasi ya mwisho.

Kabla ya kulipa, linganisha namba ya toleo iliyo chini ya chupa na ile ya kwenye boksi, upulizie ngozini, uende zako, na urudi dukani baada ya chakula cha mchana.