Kuhamisha waya wa kuzimia mashine kwenye yoti, fundi wa Kilifi: nyota 4

Jamani wenye yoti za matanga huku Kilifi na Mtwapa, nimemaliza kuhamishiwa waya wa kuzimia mashine na nataka niwaeleze kazi ilivyotoka, maana hiki kitu watu wanakidharau sana na hakifai kudharauliwa.

Chombo changu ni futi 31, usukani wa kana (ule mti wa kushika kwa mkono badala ya gurudumu), mashine Yanmar 2GM20, silinda 2, ya zamani lakini ikiwaka imewaka. Sasa dizeli ya aina hii haizimwi na ufunguo kama gari la petroli, haina plagi za moto, ikishawaka inazunguka tu maadamu inapata mafuta na hewa, kwa hiyo kuizima lazima uvute ule waya unaokwenda kwenye kimkono cha injekta pampu, ile inayopeleka dizeli kwenye silinda, ukate mafuta. Aliyekuwa na chombo kabla yangu aliuweka ndani, nyuma ya ngazi ya kushukia, yaani ukitaka kuzima unaacha kana, unashuka, unainama, unapapasa.

Niliishi nao hivyo miaka 2. Siku moja naingia gatini waya wa gia ukakatika, mkono wa gia unacheza bure, mashine iko mbele na propela inazunguka, na pale mbele watoto wanaogelea wanaruka kutoka gatini. Nikaisukuma kana nikakata kona kwanza, nikapiga kelele, nikaiacha nikashuka kuutafuta waya, na zile sekunde ambazo siko usukanini na sioni mtoto yuko wapi sitazisahau. Hakuumia mtu, alhamdulillahi. Lakini usiku ule sikulala.

Fundi wa kwanza niliyemwita (simtaji) alitoboa chini karibu na miguu, pembeni ya dashbodi ya mashine, kwa sababu ndipo waya ulipofika bila kununua mwingine mrefu. Wiki ya 2 tu, nageuza tanga huku mashine inasaidia, kamba ya demani, ile ya kuvutia tanga, ikanasa kishikio cha umbo la T cha kuvutia waya ikakivuta, mashine ikafa katikati ya mkondo maji yanapwa. Tanga lilikuwa juu ndio likanitoa.

Huyu wa 2 ndiye ninayemsifu. Kabla hajagusa drili alinikalisha usukanini, mkono mmoja kwenye kana, akaniambia angalia omo, mbele ya chombo, usiangalie chini, sasa nyosha mkono mwingine kama unataka kuzima, akatia alama ya chaki pale mkono ulipofika. Tukarudia nikiwa nimesimama, tukarudia nimekaa upande wa pili. Pakapatikana mahali kwenye ubao wa mbele wa kiti, nyuma ya goti, guu halifiki na kamba haipiti, na bado akakizamisha kishikio kwenye kisanduku kidogo cha faiba kisitokeze nje. Sijaona fundi akifanya hivyo huku kwetu.

Waya alinunua mpya wa mita 3, akaupitisha kwa kona pana, akanieleza kuwa ukiukunja sana unakuwa mzito na haurudi wenyewe. Hilo la kurudi ndilo lililomchukua muda kuliko yote, mimi juu navuta na kurudisha, yeye chini anatazama kile kimkono cha pampu kama kimefika mwisho pande zote 2. Kishikio kikibaki kimevutwa kidogo mashine haiwaki, wewe unazidi kupiga stata, na kila ukipiga pampu ya maji ya bahari ya kupozea mashine inaendelea kujaza ekzosi na hakuna moshi wa kuyasukuma nje, mwisho yanarudi mpaka kwenye silinda na hapo umeua mashine. Nilikuwa sijui haya, na nina chombo miaka yote hii! Tundu alilotoboa pia alilipaka epoksi, gundi isiyopitisha maji, ukingoni, kwa sababu katikati ya faiba kuna mbao na ikinywa maji inaoza.

Sasa mabaya. Alisema siku 1 zikawa 3, na simu hapokei. Breketi 1 karibu na ekzosi ameifunga legelege, waya umeshuka unakaribia bomba la moto, nimeufunga kwa muda mwenyewe. Na hakuandika chochote pale, nimeandika mimi kwa rangi nyekundu ZIMA HAPA, maana mgeni akipanda anadhani mashine inazimwa kwa ufunguo, na mbaya zaidi anaweza kwenda kuzima swichi kuu ya betri wakati mashine inazunguka akaunguza daiodi za alteneta. Wageni wangu sasa nawaonyesha kabla hatujafungua kamba: vuta hapa mpaka inyamaze, rudisha, halafu ndio ufunguo.

Bei, 9,500 za kazi, waya mbali. Si rahisi lakini sijajutia, jana nimeingia gatini peke yangu watoto wale wale wapo majini, mkono uko kwenye kishikio na macho yako kwao.

Ile nyota ya 5 nimeizuia kwa ajili ya breketi, akija kuifunga vizuri nitarudi kuiongeza.